Sufuri kwa Wimbo Namba Tisa

Żejtun, Malta, 14 Novemba

Kaka Nenu,

Pokea salamu zangu, na salamu za goti langu, maana siku hizi goti limekuwa mwanafamilia na halipendi kusahaulika. Mwanangu Twanny na mkewe hawajambo. Binamu Ċetta amegombana tena na padri kuhusu viti vya kanisani, kwa hiyo naye mzima. Mvua ya kwanza imenyesha, konokono wametoka, nimechemsha sufuria nzima na kuila peke yangu. Wajukuu wanataka piza. Tangu Wistin wangu afariki hakuna anayejua kumtoa konokono kwa pini bila kupiga kelele.

Msalimie sana wifi yangu Pawlina. Mwambie kitambaa cha lesi alichokitaka nimekimaliza.

Sasa, nimesoma gazetini kwamba mwaka huu, kuchagua wimbo wa kwenda Shindano la Ulaya, vilabu vya wahamiaji navyo vitapiga kura, na klabu yenu ya Sunshine imo. Na kiongozi wa jopo ni nani? Ndugu yangu mwenyewe, mwenye sikio moja linalosikia! Nilicheka mpaka goti likalalamika. Nchi hii ina bahati mbaya ya kurithi.

Kaseti imo humu ndani. Nimezirekodi redioni nyimbo zote kumi na sita. Watunzi hawajulikani. Kila mmoja ameandika jina lake na kulifunga kwenye bahasha, na bahasha zitafunguliwa siku ya fainali mwezi wa pili. Anayejitaja mapema, wimbo wake unaondolewa. Sheria ndiyo hiyo.

Nina ombi moja. Namba tisa ni wa Kimalta, mmoja tu kati ya kumi na sita. Usikilize mara mbili kabla hujafungua mdomo. Hutasikia nikikuomba kitu tena mpaka kufa. Nautaka wimbo huo uende Ulaya, Kaka. Nautaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na usiniulize kwa nini.

Mdogo wako,
Ġemma


Sunshine, Melbourne, 3 Desemba

Mdogo wangu Ġemma,

Sisi huku tu wazima ila joto. Pawlina amepasua mguu wa kiti cha bustani kwa kukikalia, na haruhusu mtu alitaje jambo hilo, ndiyo maana nakutajia. Kijana wetu Raymond amenunua gari jipya la tatu. Lesi imefika, Pawlina ameikumbatia mbele ya tarishi.

Sikio langu liache. Hilo moja linatosha kwa nyimbo zenu, lingekuwa na mwenzake ningeshajiua.

Jumapili tulikaa klabuni watu tisa, tukasikiliza kaseti yako kwa haki na sahani mbili za pastizzi za jibini. Uhakiki wangu umeshatoka kwenye jarida letu, ila nakupa kwa ufupi. Namba moja, "Nishike Nyota": binti anaomba ashikwe, na kwa sauti ile ni kweli anahitaji kushikwa. Namba mbili ni namba moja iliyobadilisha viatu. Namba nne, "Daraja la Moyo": daraja hilo lisipitwe na mtu mwenye mzigo. Namba sita kijana analia kwa Kiingereza, lugha ambayo mama yake hajawahi kumgombezea. Wote, Ġemma, wote bila kumbakiza mmoja, wanapandisha sauti ngazi moja kabla ya kiitikio cha mwisho, kana kwamba mwizi ameingia chini wanakimbilia ghorofani.

Na ndivyo tulivyo tangu zamani. Mara mbili tulipeleka Kimalta, mara mbili tukashika mkia, tukajificha miaka. Tuliporudi tukaja na gauni refu, Kiingereza cha hotelini na neno "upendo" mara kumi na tisa. Ulaya wanatupigia makofi ya kumpa mtoto aliyekojoa chooni. Tukirudi uwanja wa ndege tunapiga fataki, tunasema tumeonewa na majirani wanaopeana pointi. Majirani! Sisi jirani yetu ni nani, Sisili? Hata wao hawatupi.

Sasa namba tisa. Niliusikiliza mara mbili kama ulivyoomba, na mara ya pili nilikuwa nimesimama.

Ubeti ule ni wa baba! Si mfano wake, ni wenyewe! Ubeti alioimba kwenye baa ya Sirena, uliomwangusha bingwa wa kujibizana wa Żebbuġ, uliompa jina la Jogoo kijiji kizima. Ubeti ulioandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ukuta wa klabu yetu, ambao nimepigwa picha chini yake na mabalozi wawili na askofu mmoja:

*Napandisha tanga langu,*
*upepo walifungua;*
*siri za nyumbani mwangu*
*mtaa wote wajua.*

Na mwizi huyu hata kuiba hajui! Mstari wa kwanza ameukosea. Anasema "naanika shuka zangu". Shuka! Ubeti wa mwanamume ameugeuza wa dobi, halafu amempa msichana aupigie ukelele kama wanawake wanaofua birikani. Jogoo wa shamba hawiki mjini, lakini huyu ni kifaranga aliyevaa manyoya ya jogoo wetu.

Nimeupa sufuri. Wazee wengine walitaka kuupa kumi na mbili, Fredu wa bandarini alikuwa analia kabisa, mjinga yule. Nikawaambia, "Mnampa pointi mwizi wa marehemu?" Wakanywea. Jioni ile ile nikaitangaza redioni, kwenye kipindi chetu. Na nimeiandikia kamati huko Valletta, barua ya rejista, kwamba wimbo namba tisa umeibwa kwa Ġużè Zahra, marehemu, na mwanawe yuko hai.

Najua utafurahi. Jina la baba limelindwa.

Kaka yako,
Nenu


Żejtun, 19 Desemba

Kaka Nenu,

Hatujambo. Krismasi njema kwenu. Twanny ana mafua.

Barua yako kamati wameipata. Juzi wametoa tangazo gazetini: mtunzi wa namba tisa ana mpaka tarehe ishirini Januari kueleza ubeti ule kaupata wapi, la sivyo wimbo unaondolewa. Akijitaja ili ajieleze, atakuwa amejitaja, na sheria itamtoa. Asipojitaja, ni mwizi. Umewasaidia sana, kazi yao imekuwa nyepesi.

Anayeuimba ni Claudette, binti wa fundi bomba, nyumba ya pili kutoka kwangu. Ana miaka ishirini. Jana dukani Ċetta alimwambia mbele ya foleni nzima, "Maskini, kumbe wamekupa wimbo wa kuiba?" Mtoto akaacha mkate kaunta akatoka. Mkate nimemlipia mimi.

Nina swali, na nataka jibu moja, bila mabalozi na bila askofu. Baba alikuwa mkata mawe. Alikata mawe tangu ana miaka tisa. Alipanda kivuko cha Gozo mara moja maishani mwake, kwa arusi ya shangazi, akatapika kwenda na kurudi. Tanga lake lilikuwa wapi?

Na upepo ukilifungua tanga baharini, mtaa unajuaje siri za nyumbani?

Ġemma


Sunshine, 8 Januari

Mdogo wangu,

Mwaka mpya mwema, ingawa barua yako ilikuwa fupi kama risiti.

Swali gani hilo? Ule ni ushairi! Mtu haulizwi leseni ya chombo. Padri akiimba kuhusu mbinguni, huwa amefika? Baba alikuwa na kipaji, kilimjia kwenye vumbi la mawe, kikamtoka mdomoni. Wewe ulikuwa msichana, mambo ya baa ungeyajulia wapi? Mwanamke aliyekanyaga pale enzi zile alitoka bila jina.

Lakini nakwambia kilichotokea, maana sina wa kumwambia. Nilimsomea Fredu swali lako ili tucheke pamoja. Hakucheka. Akasema, "We Nenu, mimi nimefanya kazi bandarini miaka arobaini na huo ubeti ukutani sijawahi kuuelewa. Nilidhani ni elimu yangu ndogo." Nikamwambia kweli ni elimu yake ndogo. Akasema, "Sawa. Lakini ule wa shuka niliuelewa mara moja. Nilimwona mama."

Kisha Alhamisi. Pawlina alikuwa anaanika, na upepo wa kaskazini wa huku, ule wa moto, ukaja ukaikunjua shuka moja yote hadharani. Yule mama Mgiriki wa jirani akachungulia uani, akaona doa na kiraka, akaita, "Pawlina! Nani mgonjwa kwenu?" Pawlina alikuwa hajamwambia mtu kuhusu tumbo langu. Hata Raymond.

Nikaingia ndani. Mchuzi wa sungura ulikuwa mezani, sikuugusa.

Tumbo si kitu, usiulize.

Jambo moja nijibu. Ile siku ya kofi, ulikuwa unaimba nini juu ya paa?

Nenu


Żejtun, 24 Januari

Kaka,

Barua yako imefika jana. Tarehe ishirini ilikuwa Ijumaa. Wimbo umeondolewa. Zimebaki kumi na tano, zote zinapanda ghorofani kama ulivyosema.

Unaniuliza nilikuwa naimba nini. Una ujasiri, Nenu, nakusifu. Ulikuwa umesimama kwenye ngazi! Ulikuwa umebeba ndoo ya chokaa ya kupaka kisima, na uliiweka chini ili usikie vizuri. Nilikuona miguu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe ishirini na miwili, na masikio yako yote mawili yalikuwa yanafanya kazi.

Nilikuwa naanika shuka za mama, wiki zile alizokuwa anavuja damu na hatukutakiwa kumwambia mtu. Upepo ukazifungua. Wanawake wa mapaa mengine wakaona, mmoja akaniimbia swali kutoka upande wa pili, kama tulivyokuwa tukifanya, nami nikamjibu kwa ubeti huo. Ulinijia wenyewe, mikono ikiwa na maji. Wanawake wa mapaa yote wakapiga masufuria.

Baba alikuwa uani. Alipanda akanizaba kofi, mbele yao, akasema binti yake hatakuwa wa kuimbia mtaa. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi aliuimba mwenyewe kwa Sirena. Shuka akazifanya tanga, maana mwanamume haaniki. Walimleta nyumbani mabegani. Nilisikia shangwe nikiwa naosha vyombo, nikasikia maneno yangu yanaingia mlangoni na watu arobaini, na wewe ulikuwa mbele yao umeshika taa.

Ulinitazama, Nenu. Ukatazama pembeni.

Sikuimba tena miaka thelathini na nane. Wistin, Mungu amrehemu, alikuwa anadhani sina sauti. Mwaka jana nilikuwa natwanga kitunguu saumu dirishani nikaanza bila kujua, na Claudette akanisikia akipita njiani. Akaja akabisha hodi. "Shangazi, huo wimbo wa nani?" Nikamwambia wa zamani. Akasema, "Wa zamani una mwenyewe." Mtoto wa fundi bomba aliuliza kwa siku moja kitu ambacho wewe hukuuliza maisha yako yote.

Nilikutumia kaseti kwa sababu nilitaka, kabla bahasha haijafunguliwa, usikie wewe kwanza. Nilidhani utalikumbuka paa. Nilifikiri, akisikia "shuka" atakumbuka ndoo ya chokaa. Mpumbavu ni mimi. Wewe ulisikia "shuka" ukasema mwizi hajui kuiba.

Jumatatu nilikwenda Valletta mwenyewe kuichukua bahasha. Mwanamke wa ofisini akaniangalia goti, akaniangalia kitambaa cha kichwani, akauliza kwa upole, "Mama, ndiye wewe?" Nikamwambia, "Mimi nimetumwa tu." Unaona tulivyolelewa?

Bahasha ni hii. Haijafunguliwa. Ifungue wewe, si ndiye hakimu.

Usiandike kuhusu tumbo nusu nusu. Ama niambie ama ninyamazie.

Ġemma


Sunshine, 5 Machi

Mdogo wangu Ġemma,

Nimekaa na kalamu wiki tatu. Pawlina hajambo. Raymond anauza gari. Tumbo limepasuliwa tarehe kumi na mbili Februari, wametoa walichotoa, daktari anasema nitaishi niendelee kuudhi watu. Hiyo ndiyo habari nzima, sijakuficha.

Nilikuwa kwenye ngazi. Nilikuona na wewe ukaniona. Miaka yote nilijiambia baba aliutunga mwanzo na wewe uliuokota kwake. Nilijiambia mara nyingi mpaka ikawa kweli, na nilipokuja huku nilikuwa sina kitu, Ġemma, nilikuwa nafagia kiwanda cha betri, hakuna aliyejua jina langu. Nikawaambia mimi mtoto wa Jogoo. Wakasogeza viti. Ubeti ule ndio uliokuwa mkate wangu huku ugenini, na nilijua umetoka jikoni kwa nani. Naona aibu. Naliandika kwa Kimalta, si kwa Kiingereza cha huku, ili neno lenyewe liniume vizuri.

Jumapili iliyopita nilikwenda klabuni na bahasha. Nikawaambia wazime televisheni. Nikaifungua mbele yao, nikasoma: Ġemma Zahra, mjane wa Wistin, Żejtun. Maneno na sauti ni vyake. Nikawasimulia paa, ndoo, kofi, Jumamosi. Sikujiruka.

Mzee Pinu akasema, "Kwa hiyo askofu amepiga picha na uongo?"

"Ndiyo."

"Na mabalozi?"

"Wote wawili."

"Mimi nimewafundisha wajukuu zangu huo uongo, Nenu! Wameuimba shuleni!"

Fredu akagonga meza. "Nilisema mimi! Nilisema nimemwona mama! Mkanipa elimu ndogo!" Wakaanza kugombana, nusu wakatoka na kofia zao, wakisema mtu hamfukui baba yake kwa ajili ya wimbo wa kufulia. Hawajarudi. Mwenyekiti amenivua uhakiki wa jarida. Redioni nilikwenda hata hivyo, nikasema yote, nikasema sufuri ile ilikuwa yangu mimi na si ya wimbo. Kamati nimewapigia simu. Wamejibu kwa heshima sana kwamba fainali ilishapita.

Kwa kuwa hawachapishi tena uhakiki wangu, nauhakiki hapa. Wimbo namba tisa: katika nyimbo zote ambazo nchi yetu imetunga kupeleka kwa watu, huu ndio wa kwanza usioomba kupendwa. Hauna kosa. Kosa lilikuwa kwenye jopo.

Ukuta nimeupaka mwenyewe, mshono wa tumbo ukinivuta, Fredu akishika ngazi. Picha imo humu.

Kwetu aliyeshindwa kwa kujibizana ndiye hufunga kwa ubeti, nami nimeshindwa. Huu hapa, usinicheke:

*Nilisikia ngazini,*
*nikanyamaza kwa woga;*
*leo nasema klabuni,*
*bure nimekuwa boga.*

Kaka yako,
Nenu


Żejtun, 20 Mei

Kaka Nenu,

Hatujambo. Twanny amepona mafua akamwambukiza mkewe. Ċetta na padri wamepatana, kijiji kina wasiwasi. Goti linakusalimu, linauliza mshono umefungaje. Kula supu. Mwambie Pawlina asikuamini ukisema umeshiba.

Wimbo wetu wa Ulaya umekwenda, umerudi. Nilitazama na Claudette na sahani ya maharage. Gauni lilikuwa refu. Ngazi ilipandwa. Waliotupigia kura walikuwa na adabu. Uwanja wa ndege walipiga fataki, tumeonewa tena. Wewe ungejaza kurasa mbili, mimi nimemaliza.

Ubeti wako nimeuona. Boga umelileta kwa sababu ya kina, halina kazi nyingine pale, na baba angekuzomea. Ila mistari mitatu ya kwanza nimemsomea Claudette, na wa pili ilibidi anisomee yeye.

Jumamosi kabla ya sikukuu ya Santa Katarina tutapanda paani, mimi na yeye. Nimenunua kamba mpya. Wanawake wa mapaa mengine nimewaambia, wawili tu ndio waliobaki wa zamani, wengine ni mabinti zao, na wanaleta masufuria. Hakuna redio. Nitaanika, kisha nitaimba, na asiyetaka kusikia afunge dirisha lake.

Picha ya ukuta nimeiweka jikoni. Mkono wako wa rangi bado mbaya, herufi zinateremka kama walevi. Maneno ni sahihi, shuka ziko mahali pake. Lakini chini umeandika "Ġemma, binti wa Jogoo". Mwambie Fredu akushikie ngazi mara moja zaidi, ufute hayo mawili ya mwisho na "binti" pia.

Jogoo hatagi, Nenu.

Mdogo wako,
Ġemma